Kwa Nini Waliniita Padre Asiyesalimia

Wanangu mapadre vijana, na nyie mafrateri wa seminari mnaopita hapa Mpanda wakati wa likizo na kunikuta barazani nimenyoosha mguu juu ya kigoda, mmekuwa mkiniuliza kazi ya parokia ikoje. Mara zote nimewajibu kwa utani, kwa sababu mlikuwa mnaangalia simu na chai ilikuwa inapoa. Sasa daktari amenikataza kutembea zaidi ya hatua za kufika kanisani na kurudi, na Sista anayetutunza sisi wazee ameninunulia daftari ili nipunguze kumsumbua. Basi leo nawajibu.

Nianze na Jumatatu, kwa sababu seminarini hakuna somo la Jumatatu. Jumatatu ndiyo Jumapili ya padre. Vaa kandambili, fua soksi zako, lala mchana, na mtu akija kuuliza tarehe ya kipaimara mwambie arudi kesho. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nafanya kazi Jumatatu ili waumini waone nina bidii. Waumini hawakuona kitu. Aliyeona ni mpishi wetu, mama mmoja wa Kifipa ambaye hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu. Ikifika Alhamisi ananiwekea sahani mezani na kusema, "Padre, leo nani kakukosea?" Hakuna aliyenikosea. Nilikuwa nimechoka tu, na padre akichoka wanaopata taabu ni wanakwaya. Mwishowe mama yule akawa anaficha ufunguo wa ofisi kila Jumapili jioni na kuurudisha Jumanne asubuhi, nami nikajifanya sijui uliko. Namshukuru hadi leo.

Jumanne tulisali na jumuiya ndogondogo, nyumba kwa nyumba. Hapa kuna ujuzi ambao haumo vitabuni: nyumba ya kwanza, kula kidogo. Mimi sikujua. Nilimaliza ugali wote kwenye nyumba ya wakulima wenyeji, nikashiba kabisa. Kumbe jirani zao, watu waliotoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania wenzetu, walikuwa wamebandika maharage na ndizi tangu saa sita, na wafugaji wa ng'ambo ya kijito walikuwa wameniwekea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Ukikataa chakula pale hawasemi kwamba padre ameshiba. Wanasema padre amekula kwa wale. Nilikula kote kutatu, nikaongoza rozari nimekaa, na kila fumbo nililiona refu kuliko lililotangulia.

Na mahubiri! Nilitoka seminarini na Kiswahili kilichopigwa pasi. Kule Usevya, nilikoanzia kazi, nilihubiri dakika arobaini Jumapili yangu ya kwanza, nikashuka altareni nikiwa nimejiridhisha sana. Baada ya Misa bibi mmoja wa Kipimbwe alinishika mkono akasema, "Asante Padre, umesema vizuri. Sasa hao uliokuwa unawasema ni kina nani?" Tangu hapo nilimwomba Mungu anipe dakika kumi na maneno ya sokoni. Dakika alinipa. Maneno ilibidi niyatafute mwenyewe, nikikaa na watu kwenye mashamba ya mpunga na kunyamaza.

Jumamosi ni maungamo. Tafuta kiti chenye egemeo, na usivae saa. Siwezi kusema niliyoyasikia, ila kila padre anajua kwamba bibi zetu huja kuungama dhambi za wakwe zao. Wasikilize. Ukiwakatiza watarudi Jumamosi nyingine na dhambi zilezile, na za mkwe zitakuwa zimeongezeka.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu hasa ni Ijumaa.

Ijumaa tulipeleka Komunyo kwa wagonjwa. Nyie mnaijua kazi hiyo, ila wengine watakaosoma huenda hawaijui, kwa hiyo naieleza. Padre anaweka Ekaristi, mkate uliowekwa wakfu ambao kwetu ni Bwana mwenyewe, kwenye kikasha kidogo cha chuma, anakivaa shingoni chini ya kanzu, kifuani, kisha anaenda nyumba za wale wasioweza kufika kanisani. Nilivyofundishwa mimi, ukiwa umembeba Bwana njiani huongei. Huulizi habari za mvua, husimami kupiga soga, husalimii. Unasali kimyakimya mpaka ufike kwa mgonjwa. Wakristo wa zamani wa parokia yetu, upande ule wa Sibwesa nilikohamishiwa baada ya Usevya, walilijua hilo. Wakituona, wanaume walivua kofia, akina mama walipiga magoti pembeni mwa njia, na hakuna aliyetegemea neno kutoka kwangu.

Katekista wetu alikuwa Mzee Anselmi, Mkonongo mwembamba aliyeanza ukatekista kabla mimi sijajua kusoma. Yeye alitangulia kwa baiskeli, kengele ndogo ya shaba imefungwa kwenye usukani, na mimi nilimfuata kwa baiskeli yangu. Alikuwa anagonga kengele, anasimama, anasema na mtu wa njiani, kisha anapanda tena na kunipita huku akihema ili atangulie. Safari nzima ilikuwa hivyo. Mimi nilidhani kengele ni ya kufukuzia mbuzi, na kwamba Mzee Anselmi anapenda maneno.

Kisha waumini walitupatia pikipiki. Jamani, nilifurahi! Njia iliyokuwa inakula asubuhi nzima sasa niliimaliza kwa muda wa kunywa chai. Nikamwambia Mzee Anselmi, "Mzee, umefanya kazi vya kutosha. Ijumaa sasa pumzika." Akasema, "Sawa, Padre." Alifungua kengele kwenye baiskeli, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye kabati la sakristia, kule kanisani. Sikumuuliza ilikuwa ya nini, naye hakunieleza. Watu wa rika lake hawakuwa na tabia ya kumfundisha padre bila kuulizwa, na hilo, wanangu, ni la kuogopa. Mtaishi na watu wanaojua makosa yenu na wanaowaheshimu mno kiasi cha kutowaambia.

Mgonjwa wa mwisho kwenye njia ile alikuwa Bibi Esperansia, mmoja wa wale waliotoka Burundi, aliyekuwa amelala kitandani miaka mingi na ambaye alijua zaburi nyingi kuliko mimi. Kabla ya kufika kwake, pale njia inapokunja kwenye kijito, kulikuwa na kaya mpya ya Wasukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao. Sikuwajua. Hawakuwa kwenye daftari la parokia.

Ijumaa moja, kwenye kona ile, niliona mwanaume mrefu amesimama na fimbo yake. Aliinua mkono. Mimi nikainamisha kichwa kwa heshima, kama nilivyofundishwa, nikapita. Ijumaa iliyofuata alikuwepo tena, safari hii karibu katikati ya njia, mkono juu. Nilipunguza mwendo, nikamzunguka, na vumbi langu likabaki naye. Ijumaa ya tatu alikuwepo, lakini hakuinua mkono. Aliposikia pikipiki aligeuka akanipa mgongo, akabaki hivyo mpaka nilipopita.

Nitawaambia kitu ambacho bado kinaniuma. Jioni ile mezani nilimsimulia padre mwenzangu habari za mtu yule na mgongo wake, nikaiga alivyogeuka, na tulicheka wote wawili. Mpishi hakucheka. Alitoa sahani akaenda nazo jikoni.

Kesho yake asubuhi Mzee Anselmi alifika ofisini, kofia mkononi.

"Padre, jana nimebatiza."

"Umebatiza nani?"

"Mke wa Mzee Mabula, yule mfugaji wa pale kwenye kona ya kijito. Mama Doto. Ana hali mbaya sana, tumbo limemmaliza. Ameomba aitwe Veronika."

Kubatiza mtu aliye hatarini kufa kila mmoja anaruhusiwa, na katekista zaidi. Alifanya sawasawa kabisa. Lakini mimi nilikasirika, maana nilijiona nimerukwa. Nikasema, "Mzee Anselmi, mtu yuko taabani, na mimi jana hiyohiyo nimepita mlangoni kwake. Kwa nini sikuitwa?"

Aliangalia ndani ya kofia yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Padre, uliitwa. Uliitwa Ijumaa tatu."

Akanieleza yote. Alikuwa anatoka kufundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, amemkuta Mzee Mabula kakaa pale kwenye kona, akamsalimia kama anavyomsalimia kila mtu. Huyo mzee akaanza kusema na hakunyamaza. Mkewe alisoma mafundisho ya ubatizo miaka miwili huko walikotoka. Ilibaki Kwaresima moja tu abatizwe, malisho yakaisha, ng'ombe wakaswagwa kuja huku, naye akafuata familia. Sasa anaumwa, anajua haponi, kila siku anasema, "Niletee padre." Mabula mwenyewe hakuwa Mkristo wala hakuwa na haja na mambo hayo. Lakini kwao mambo ya mke mgonjwa hayatumwi kwa mdomo wa jirani. Mwenye mji anakwenda mwenyewe, anasimama njiani, anamkaribisha mgeni kwa mkono wake. Alisikia kwamba padre anapita Ijumaa. Akaenda kusimama.

"Ameniuliza," Mzee Anselmi akasema, "'Huyo padre wenu ni mtu wa namna gani? Hata mwizi wa ng'ombe husalimia.'"

Nikakaa chini. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayofika mpaka masikioni. Nilitaka kuchukua ufunguo wa pikipiki niruke mara moja. Mzee Anselmi akasema, "Pikipiki iache, Padre." Akaenda sakristia akatoa kengele yake kabatini, na mimi nikatayarisha mafuta ya kupaka wagonjwa na Ekaristi.

Tulikwenda kwa baiskeli, yeye mbele. Hapo ndipo nilipotazama kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nacho mbele ya macho miaka yote. Anagonga kengele. Mkristo anavua kofia, na huyo anamwacha. Lakini akiona mtu anashangaa, mgeni, mchungaji, muuza ndala, anashuka. "Habari za asubuhi, mama. Shikamoo mzee. Huyo nyuma ni Padre wetu, amembeba Bwana kifuani, kwa hiyo haongei, si kiburi. Nawasalimia mimi kwa niaba yake. Kuna mgonjwa hapa? Kuna neno?" Kisha anapanda baiskeli na kunikimbilia. Kumbe mimi nilikuwa natembea kimya changu kitakatifu kwa sababu kulikuwa na mzee wa watu anayekimbia huku na huku kunisemea. Nilimpumzisha huyo, nikabaki na kimya peke yake.

Tulifika kwa Mabula jua likiwa limeshapita utosini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa nyumba anasokota kamba ya ndama. Hakuinuka. Mzee Anselmi alimsalimia, naye akaitikia vizuri. Mimi nikainamisha kichwa. Ekaristi ilikuwa kifuani.

Mabula akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Na huyu?"

"Ndiye Padre," Mzee Anselmi akasema. "Unakumbuka nilikueleza jana. Akiwa amembeba Bwana haongei."

"Ulinieleza," Mabula akasema, akiendelea kusokota. "Sasa nauliza. Huyo anayebebwa, naye hasalimii watu?"

Mzee Anselmi alikuwa na jibu kwa kila swali la katekisimu, na mengine nilikuwa naazima kwake mimi. Kwa swali hilo aligeuka akaniangalia.

Wanangu, nimesoma miaka mingi, lakini mtihani wangu ulikuwa pale, mbele ya mtu mwenye kamba mkononi, na mama anakufa ndani. Kama angesema niondoke ningeondoka, na kosa lingekuwa langu. Nilifungua mdomo.

"Mwadila, baba," nikasema. Ndiyo salamu ya Kisukuma ya mchana, na ndiyo pekee niliyokuwa naijua.

Hakuitikia. Alivuta kamba akaikaza. "Hiyo ni ya Ijumaa ya kwanza," akasema. "Bado mbili."

"Mwadila, baba."

"Ya pili."

Nikatoa ya tatu. "Mwadila, baba."

Aliweka kamba chini. Aliinuka, urefu wote ule, akaitikia, "Mwadila," akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu. Alikuwa anakungoja."

Ndani Mama Doto alikuwa amelazwa kwenye ngozi, amefunikwa kitenge, amebaki macho tu. Akamuuliza mumewe, "Ndiye?"

"Ndiye."

Akanitazama sana. "Kumbe kijana tu," akasema, na akatabasamu. Nikaona wasiwasi wa wiki tatu umemtoka mumewe usoni.

Nilianza kutoa mafuta, akanizuia kwa kidole. Alikuwa na ombi. Kule alikosoma, wenzake kabla ya kubatizwa waliulizwa maswali mbele ya watu wote. Yeye hakuulizwa. Alibatizwa jana haraka kwa sababu ya ugonjwa, lakini mafundisho aliyasoma. Alitaka aulizwe. Nikamuuliza maswali matatu. Alijibu yote, polepole, akipumzika katikati, na kwenye la tatu alinisahihisha kwa sababu nilikuwa nimeruka neno. Mzee Anselmi nyuma yangu akasema, "Amefaulu," kama mwalimu kabisa. Kisha nikampa Kipaimara, Mpako wa Wagonjwa, na Komunyo yake ya kwanza. Mumewe alisimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuivua.

Alifariki Jumanne. Tulimzika kwa kengele ya Mzee Anselmi, na kwaya yetu, ambayo ilikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya nani aongoze sauti ya pili, iliimba bila kugombana. Wakati wa kuondoka Mabula alinisindikiza mpaka kwenye kona yake. "Ulichelewa," akaniambia, "lakini ulifika." Nimepewa shukrani nyingi katika upadre wangu, na vitenge, na kuku wengi sana, mmoja aliwahi kuponyoka wakati wa matoleo akaruka juu ya meza ya kinanda. Hakuna iliyonishika kama ile.

Tukabadilisha kazi. Pikipiki sikuiuza, maana ilikuwa na faida zake. Ila Mzee Anselmi alipanda nyuma. Mngemwona! Mkono mmoja ameshika kiuno changu, mwingine anapiga kengele, na anasalimia kulia na kushoto kwa sauti ya kushinda injini: "Mama Neema, Padre hawezi, nakusalimia mimi! Shikamoo babu! Tutarudi, tutarudi!" Na kweli tulirudi, hiyo ndiyo sehemu ya pili. Tulipomaliza kwa Bibi Esperansia kikasha kilikuwa kitupu, hivyo njia ya kurudi nilisimama kila mahali tulipopita. Kwenda tunambeba Bwana, kurudi tunawasalimia watu wake. Ijumaa yangu ikawa ndefu kuliko wakati wa baiskeli. Daftari la parokia nalo likanenepa, maana wagonjwa wengi sikuwakuta kwenye daftari, niliwakuta kwenye salamu.

Jina lilibaki. Sokoni, kwenye harusi, hata mbele ya askofu, watu waliniita Padre Asiyesalimia, huku wakicheka. Na Mabula kila Ijumaa alikuwa kwenye kona yake. Kwenda, anavua kofia na kunyamaza. Kurudi, nikisema "Mwadila," anasema, "Ya kwanza hiyo, bado mbili," na haniachii mpaka nitimize. Mpaka leo hajabatizwa. Nilimwuliza mara moja tu. Alisema anafikiria, nami namwachia afikirie.

Mzee Anselmi tulimzika muda mrefu uliopita. Nilimwahidi nitawaeleza vijana kazi ya kengele ile, nikachelewa, kama kawaida yangu. Nyie mna simu. Jina la mgonjwa linatumwa kwenye kundi la WhatsApp na ramani ya kwake, na ni jambo jema sana, natamani ningekuwa nayo. Lakini Mabula wa leo hayumo kwenye kundi lenu. Amesimama njiani.

Nimalize na Ijumaa iliyopita, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nifungue daftari hili.

Siku hizi mgonjwa ni mimi. Ninyi ndio mnaoniletea Komunyo, na yule aliyekuja juzi ni padre mpya, mpole, anaendesha pikipiki kwa kasi nisiyoipenda. Sitamtaja. Asubuhi ile Doto, binti wa Mabula, ambaye anauza mchele hapa mjini, alikuwa amemleta baba yake kwa bajaji anisalimie. Mzee amekonda, amepinda, lakini fimbo ni ileile. Sista alimwambia asubiri kidogo getini kwanza, padre anakuja na Ekaristi, basi akakaa kwenye benchi la mama muuza vitumbua. Dirisha langu liko karibu na geti. Nilikuwa naona na kusikia kila kitu.

Pikipiki ikafika. Padre akashuka, mkono kifuani, kichwa ameinamisha, akawapita bila neno. Mama wa vitumbua akasema, "Na huyu naye! Hata salamu?"

Mabula alikuwa ameshavua kofia. "Mwache apite," akamwambia. "Amebeba. Akirudi atatusalimia."

Padre aliingia. Tulisali. Nilipokea Komunyo, na namshukuru kwa hilo kwa moyo wote, maana alisali taratibu, hakunikimbiza. Kisha akaniaga na kutoka. Mimi sikumwambia kitu. Nilitaka sana, ulimi uliniwasha, lakini nilikumbuka jinsi Mzee Anselmi alivyokaa kimya na kengele yake kabatini, na nikajua kwa nini. Nikageuza kichwa dirishani. Nikangoja kama mtoto anayesubiri majina ya waliofaulu.

Nilimsikia akivuka geti. Hakusema neno. Nikasikia pikipiki ikiwaka. Nikafumba macho.

Kisha injini ikazimwa. Nikasikia hatua zake zikirudi kwenye kokoto, zikasimama mbele ya benchi.

"Shikamoo mzee," akasema. "Samahani, nilikuwa nimebeba Ekaristi. Habari za hapa, mama?"

Kisha nikasikia sauti niliyoizoea, imekwaruza kwa uzee lakini imejaa kicheko.

"Ya kwanza hiyo, baba. Bado mbili."